Mpangaji aliyeonekana kutoka ng'ambo

Saa tatu asubuhi, jua limeshapanda na vumbi la plasta linaelea kwenye mwanga wa madirisha. Mwanamke wa makamo, kitambaa kichwani na viatu vya mpira miguuni, anatembea polepole ndani ya jengo lisilo na mtu. Simu ameinyoosha mbele yake. Kwenye kioo kuna uso wa mwanamume aliyeko nchi ya mbali, amejikunyata ndani ya koti zito.

"Hapa palikuwa ofisi ya mhasibu," anamwambia. "Patatoka vyumba viwili na choo chake. Ukuta huu unabaki, ule tunauvunja."

"Naona," anajibu mwanamume.

"Sasa nazungusha simu taratibu. Niambie unaona watu wangapi."

Mwanamume anacheka. "Watu gani tena, Mama? Naona kivuli chako tu."

"Angalia vizuri. Usiwe na haraka."

Anazungusha simu tena, kona hadi kona. Mwanamume anasogeza uso karibu na kioo, kisha anasema hakuna mtu. Mwanamke anashusha pumzi, anafuta jasho kwa upande wa kitambaa, ndipo anaanza kueleza habari za mabomba.

Mtaani wanamwita Mama Vyumba, na hata wanawe wameacha kuwatajia watu jina lake halisi. Kazi yake ni kutafuta majengo yaliyolala: ofisi zilizohamwa, maghala yaliyofungwa, ghorofa za juu zinazokaliwa na njiwa. Huwashawishi wenye majengo, kisha hutafuta wabia wenye mtaji, wa hapa nyumbani na wa ng'ambo, ili majengo hayo yageuzwe vyumba vya kupanga.

Mwenye jengo hatoi hata senti. Wabia wanagharimia ukarabati, kodi inagawanywa nusu kwa nusu kati ya mwenye jengo na wabia, yeye akiwa mmoja wao, kwa miaka minane, halafu jengo linarudi kwa mwenyewe likiwa na wapangaji ndani.

Zamani alikuwa fundi rangi. Kibarua cha siku kilitosha mlo mmoja na nauli, siku nyingine hata nauli haikupatikana, akarudi kwa miguu.

"Nilikuwa napaka rangi ofisi ambayo haina mtu," anasimulia. "Mwaka unaofuata naitwa kuipaka tena, bado haina mtu. Jioni narudi kwangu, chumba kimoja, mimi, marehemu mume wangu na watoto watatu. Nikajiuliza, hivi mimi na lile jengo, nani hasa amekosa mwenzake?"

Jengo lake la kwanza lilikuwa la ghorofa moja, lenye vyumba kumi na viwili. Ni mali ya mjane mmoja mzee ambaye kila mtu anamwita Bibi. Lilikuwa limefungwa miaka mingi hata kufuli lilikatwa kwa msumeno.

Bibi alimkubalia, ila kwa sharti. Mvua zikiisha bila fedha kupatikana, jengo lingechukuliwa na mfanyabiashara wa saruji aliyetaka ghala.

Mama Vyumba alikwenda benki. Waliomba hati ya nyumba yake iwe dhamana. "Nikawaambia, ningekuwa na nyumba ningekuja kuhangaika na ya mwenzangu? Wakanipa maji ya kunywa, nikatoka."

Mbia wa kwanza akampata nyumbani kwao. Ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, seremala mwenye maneno mengi. Hakuwa na fedha, alikuwa na mbao na mikono. Wa pili akawa binamu yake, dereva wa malori ng'ambo, aliyekuwa na akiba na hamu ya kuwekeza nyumbani.

Siku ya kumwonyesha dereva jengo ilikuwa mchana wa jua kali. Mama Vyumba alipita chumba hadi chumba akiongea naye kwa simu ya video. Walipofika chumba cha mwisho cha juu, dereva akamkatiza.

"Dada, si ulisema jengo ni tupu?"

"Ni tupu."

"Na huyo aliyekaa kwenye sanduku?"

Mama Vyumba aligeuka huku na huku. Chumbani hakukuwa na kitu ila ubao wa dari uliodondoka.

"Nani?"

"Huyo mwanamke mwenye sweta la kijani. Yuko mbele yako, pale dirishani. Amekupa mgongo."

"Binamu yangu ana utani, hata msibani huwa anachekesha watu," anasema. "Nikasubiri acheke. Hakucheka. Akaniambia, kama mna wapangaji humo ndani sema, usinifanye mtoto mdogo. Akakata simu."

Jioni hiyo ujumbe wa dereva ulisomwa na ukoo mzima, walio karibu na walio mbali: wawe macho na Mama Vyumba, anatafuta fedha za watu kwa jengo lenye wakazi. Ndugu wawili waliokuwa wameahidi kuchangia wakaacha kupokea simu zake.

Kilichomuuma hakikuwa hofu. "Laiti angesema ameona pepo. Pepo ningeita watu wa kuomba. Yeye alisema mimi ni tapeli. Utapeli unaombewa wapi?"

Seremala alikuwa na jibu jepesi. "Shemeji, tupa hiyo simu. Imeshaanguka mara ngapi? Inachanganya picha." Akatoa yake. Wakapiga video ya chumba wakaitazama, chumba kitupu. Seremala akashuka chini, Mama Vyumba akampigia akiwa juu, bado chumba kitupu.

Ndipo wakampigia mteja wa zamani wa seremala, mtu aliyehamia nchi nyingine na asiyejua lolote kuhusu habari hizo. Walimwambia wanataka tu ushauri wake juu ya dari. Mteja akatazama, akawapongeza.

"Kumbe mmeshaanza kupangisha," alisema. "Lakini mpeni huyo mama kiti, jamani. Ataumia mgongo."

Seremala alikata simu bila kuaga. Tangu siku hiyo hakufanya kazi chumba kile peke yake, na alipofanya aliacha mlango wazi, akauzuia kwa tofali.

"Mimi sikumwona hata siku moja," anasema seremala. "Shemeji hajamwona. Bibi hajamwona. Mtu akiwa hapa haoni kitu. Wanaomwona ni wa mbali tu. Hilo ndilo lilinikosesha usingizi."

Mvua zilikuwa zimeanza kupungua. Mfanyabiashara wa saruji alishakuja kupima mlango kama lori lake litaingia. Alibaki mtu mmoja wa kumwomba: binti wa jirani yao wa zamani, anayefanya kazi ya kutunza wazee ng'ambo. Nyumbani wanamwita Mlezi.

Safari hii Mama Vyumba aliamua kutoficha kitu. Alimpigia akiwa amesimama nje ya mlango wa chumba kile, mkono kwenye kitasa.

"Mwanangu, kabla sijafungua nikwambie. Kuna watu wanasema humu mna mtu. Mimi simwoni. Ukimwona niambie, ila usinikatie simu."

"Fungua, Mama," alijibu Mlezi.

Akafungua, akainua simu. Anasema alisikia saa ya ukutani ikigonga huko ng'ambo, kwenye chumba cha Mlezi.

"Yupo," alisema Mlezi.

"Anafanya nini?"

"Amekaa. Mbona humsalimii?"

Mama Vyumba aliutazama ukuta mtupu chini ya dirisha, akasema, "Habari yako, dada. Samahani kwa kuingia." Anakumbuka kujisikia mjinga.

"Amejibu?"

"Amegeuza kichwa," alisema Mlezi. Kisha akaongeza: "Lakini hakutazami wewe, Mama. Ananitazama mimi."

Siku ileile Mama Vyumba alikwenda kwa Bibi, akamweleza yote. Bibi alikuwa akichambua maharage. Hakuonyesha kushangaa, aliuliza swali moja tu.

"Amevaa nini?"

Aliposikia habari ya sweta la kijani, Bibi aliweka ungo chini.

Alieleza kwamba mumewe aliwahi kulipangisha jengo hilo kwa wakala aliyekuwa akipeleka wanawake kufanya kazi ng'ambo. Walilala humo wakisubiri karatasi zao. Waliitwa wawili wawili, wakaenda. Mmoja alibaki.

"Kila wiki anaambiwa wiki ijayo," alisimulia Bibi. "Waliambiwa huko ni baridi, basi yeye sweta alilivaa hata jua likiwaka, asije akaitwa hajajiandaa. Anakaa juu ya sanduku lake, dirishani, anatazama gari la wakala. Homa ilimkuta humo humo. Ndugu zake walikuja kuchukua mwili. Sanduku walilisahau."

"Likawaje?"

"Nikaligawa. Nilidhani hatalihitaji."

Mlezi alipewa habari hiyo kwa simu. Naye aliwahi kulala kwenye nyumba kama hiyo, mji mwingine, wakala mwingine, miezi saba. Akaomba jambo moja: simu iachwe chumbani, mlango ufungwe, azungumze na yule mwanamke wakiwa wawili.

Mama Vyumba aliiegemeza simu dirishani, akafunga mlango, akaketi kwenye ngazi na shemeji yake. Seremala, kwa mara ya kwanza, hakuwa na mzaha. Walisikia sauti ya Mlezi ikipita mlangoni. Anaongea, ananyamaza, anaitikia "mhm", anaongea tena, kama mtu anayejibiwa.

Makala haya yalimpata Mlezi kwa simu, akiwa kwenye mapumziko ya kazi. Hakupenda kusema mengi.

"Nilimweleza kazi yenyewe ilivyo. Kwamba ni kuogesha wazee na kubadilisha mashuka. Kwamba mama yangu alizikwa mimi nikiwa zamu. Nilitaka ajue hakukosa mambo makubwa, labda atapumzika. Alinisikiliza tu, haamini. Halafu nikamwambia theluji ya kwanza nilitoka nje na kandambili kwenda kuishika. Hapo akasimama."

Na kisha?

"Nikamwambia, kama bado unataka kuja, njoo. Mimi si wakala, sina karatasi za kukudai."

Mama Vyumba alipoingia kuchukua simu, Mlezi alikuwa akilia. Alimwomba azungushe simu chumba kizima, mara mbili. Safari hii hata Mlezi hakuona mtu.

Wiki hiyohiyo Mlezi aliingia ubia kwa akiba yake ya miaka minne. Fedha zilitosha mabomba, umeme, madirisha na milango ya ghorofa ya juu. Mvua zilipokatika, mafundi walikuwa ndani na mfanyabiashara wa saruji alikuwa ameshapata ghala kwingine.

Hata dereva alirudi. Alionyeshwa jengo upya, akatazama chumba cha mwisho kwa muda mrefu, akauliza yule mama alihamia wapi. Kwenye ukoo hakuomba radhi. Alituma vitasa vya milango yote na ujumbe mfupi: "Dada, endelea."

Leo vyumba kumi na kimoja vina watu. Kuna msusi, walimu wawili, fundi simu, na mama wa watoto mapacha ambao kilio chao kinasikika mpaka barabarani. Mgawo wa Mama Vyumba kwa mwezi ni karibu kipato chake cha miezi mitatu ya kupaka rangi. Amehama kile chumba kimoja, na binti yake wa mwisho amerudi chuo.

Chumba cha kumi na mbili, kile cha mwisho cha juu, hakipangishwi. Ni cha Mlezi mwenyewe, atakapokuja.

Tangu hapo Mama Vyumba amebadilisha namna ya kuongea na wabia wapya. Hasemi tena kwamba jengo ni tupu. Anasema, "Mimi sioni mtu," kisha anawazungushia simu watazame. Wengine humcheka. Wengine humwamini zaidi kwa hilo, ingawa hawajui sababu.

Mwishoni mwa mazungumzo ya simu, mwandishi alimuuliza Mlezi kama anadhani yule mwanamke alipata pa kupumzika.

"Kuna mzee ninayemhudumia, macho yake ni dhaifu," alisema. "Mwezi uliopita nilikuwa namtandikia. Akaniuliza, yule mwenzako mwenye sweta la kijani, mbona hakai?"

Alimjibu nini?

"Nilimwambia amekaa vya kutosha."

Haogopi, anasema. Zamu ni ndefu na nyumba za wazee huwa kimya mno. Siku hizi akifungua mlango wa nyuma kutupa taka, huuacha wazi nusu dakika, hasa theluji ikianguka.

Mwisho wa mwaka Mlezi atapata likizo, na amepanga kuja kuona mali yake kwa macho. Mama Vyumba anatumaini jengo la pili, lile lililokuwa na ofisi ya mhasibu, litakuwa limeshapata wabia, ili amtembeze kote. Hivi sasa anamalizia kukitengeneza chumba cha juu cha Mlezi. Kuta zimepakwa nyeupe, pazia limeshonwa, na wiki iliyopita alimwagiza shemeji yake vitanda viwili.

Seremala alimkumbusha kwamba mgeni ni mmoja.

"Tengeneza viwili," alimwambia. "Wakija wote, mwingine atalala wapi?"

Seremala alichukua futi yake na penseli, akapanda ngazi kwenda kupima.