Nyumba ya Opondo Ina Magurudumu Manne

Rosa anaanika omena, wale dagaa wa ziwani, pamoja nami hapa ufuoni Usenge, na usiku analala ndani ya Jaguar. Mkitaka kucheka, chekeni sasa mmalize, maana habari yenyewe haichekeshi.

Marehemu mumewe, Opondo, alikuwa fundi wa magari mjini, mtaa wa Mamboleo. Mhindi mmoja alipohama alimwachia hilo gari la Kiingereza, milango miwili, pua ndefu, na Opondo akalipenda kuliko simiti. Hakujenga. Akija nyumbani alilala humo na mkewe, viti vimelazwa. Basi akafa. Na huku kwetu mwanamume hazikwi katika boma lake kama hana nyumba. Siku ya mazishi mvua ilikuwa haikatiki, mabati ya kumjengea hata kibanda hakuna, wazee wakanong'onezana weee, kisha Mzee Calvince akatangaza kwamba gari ndilo nyumba, kwa sababu mtu alikuwa analala humo. Wakamzika kando ya gari. Baadaye tukasimamisha nguzo na mabati juu, na Rosa akaishi humo kama mke katika nyumba yake. Shemeji yake, Absalom, amekuwa akitaka kumrithi awe mkewe miaka yote, naye anamkataa.

Juzi akaja Wechuli, mnunuzi wa samaki, akaiona ile pua. Akalizunguka gari akishika kichwa. Akataja pesa ya kujenga nyumba ya mawe yenye choo ndani. Mimi nikaanza kuchagua rangi ya mapazia.

Wazee wakaitwa. Rosa akauliza kwa heshima, "Baba, nikiuza hii, si nitajenga ingine?"

"Mjane hajengi peke yake," Mzee Calvince akasema. "Lazima mwanaume wa ukoo aanzishe nyumba. Absalom yuko."

Absalom akanyoosha kola ya shati. Kwetu, mwanaume anayemwanzishia mjane nyumba ndiye hulala naye humo.

"Kwani hii si nyumba?" Rosa akauliza.

"Hii ni gari, mama. Uza tu."

"Lakini ni nyinyi mlisema ni nyumba."

"Mvua ilikuwa inanyesha," mzee akasema.

Ulimi kweli hauna mfupa. Hasira zilinipanda hata nikasahau kwamba boma si langu. Kama ni gari, basi Opondo alizikwa bila nyumba. Kama ni nyumba, Wechuli ananunua nini? Niliuliza hivyo hivyo, kwa sauti. Wechuli mwenyewe, Mbukusu asiyejua mila zetu, alikuwa anatutazama mmoja mmoja, amechanganyikiwa kutushinda.

"Mama," akamwambia Rosa, "sasa unauza ama huuzi?"

"Kichwa yangu inazunguka, Bwana. Ngoja kidogo."

Nikamfuata nyuma ya gari. "Rosa, pesa kama hiyo hutaiona tena. Unangoja nini?"

Alikuwa analia, anajipangusa kwa leso. "Lornah, nikiuza nitakuwa na pesa. Sawa. Halafu jua likizama, nitalala kwa nani?"

Nikachungulia upande wa wazee.

"Kwa Absalom," akajijibu mwenyewe. Akaingia ndani ya gari, akafunga mlango, na Wechuli bado amesimama pale nje anangoja kuambiwa.