Siku Afisa wa Mji Alipochimba Ndiva Yetu

Tuliokuwepo ni hawa: mimi, wifi yangu, yaani dada wa marehemu mume wangu, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye ni mtoto wa kaka yangu, na afisa wa mji, ambaye asubuhi hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale. Wengine majirani. Majina ninayo yote kichwani, hata la mbuzi aliyetufuata, ila wenyewe wameniomba nisiyaandike.

Ulikuwa mwaka ule kitongoji chetu, hapa chini ya milima, kilipoingizwa kwenye mji wa Same. Tulilala wanakijiji tukaamka watu wa mjini, tukawa tunachekana. Lakini afisa alikuwa na ramani, na kwenye ramani hiyo ndiva yetu, bwawa la kumwagilia walilochimba babu zetu, ilikuwa ifukiwe pawe stendi ya bajaji. Ikifukiwa, maharage yangu ndiyo basi tena. Akaitisha mkutano palepale ndivani tuseme tunakubali au hatukubali.

Mwenyekiti hutangaza kwa spika juu ya bodaboda. Siku hiyo spika ikagoma. Akachukua pembe ya babu yake akapuliza. Sasa kwetu pembe ina maana moja tu: msaragambo, kazi ya wote. Ukiisikia unakamata jembe, huulizi. Tukashuka tunaimba, majembe mabegani, mpaka kwenye ndiva. Maji yalikuwa yamefunguliwa alfajiri, yamebaki matope.

Afisa alipotuona akajifungia ndani ya gari.

“Mwenyekiti, hawa wamekuja kunipiga?”

“Hapana, bosi. Wamekuja kuchimba.”

“Mimi niliita mkutano.”

“Ndiyo hivyo. Nimepuliza vibaya.”

Wifi akagonga kioo. Kikashuka kidogo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Jembe lako liko wapi?”

“Sina, mama.”

“Asiye na jembe anatoa mbuzi.”

“Mbuzi nitampata wapi saa hizi?”

“Basi vua viatu.”

Mwenyekiti akaninong'oneza, “Shangazi, mzuie wifi yako.” Nimzuie vipi, nami nimekaa chini kwa kicheko?

Afisa akavua. Suruali akaikunja. Nikampa jembe langu, mimi nikashika karai. Alianza kama anayechokoa jino, lakini tulipompokeza wimbo mkono ukafunguka, akachimba upande wote wa mlimani. Mkutano tukaufanya mlemle matopeni.

“Haya sasa, bosi,” wifi akamwambia, “tuulize.”

Akatazama ramani, akatazama shimo lake.

“Nifukie nilichochimba mwenyewe?” Akacheka hadi akateleza akakaa.

Stendi aliihamishia kule juu karibu na mnada. Maji tunafungua kwa zamu kama zamani, na pembe ikilia yeye huja, jembe lake mwenyewe ndani ya gari.

Wifi anasema aliteleza kabla ya kucheka. Mimi nakumbuka alicheka kwanza. Uliyekuwepo, kama nimekosea, pita unisahihishe. Utanikuta kwenye maharage.