Mtihani wa Kiti cha Kushoto

Kemilembe alishuka basi Omurushaka akiwa na habari ambayo baba yake alikuwa bado hajaipata. Alikuwa amekuja nayo kutoka Mwanza, akalala nayo Bukoba, na sasa ilibaki safari ya bodaboda tu hadi nyumbani kwao Ihembe. Alikuwa ameshindwa mtihani wa ukapteni, ambao mzee aliijua tu tarehe yake na kuhesabu kuwa amefaulu.

Dereva wa bodaboda, Habumugisha, alimtambua hata kabla hajavuka barabara.

"Kapteni! Karibu nyumbani."

"Nani kakwambia mimi ni kapteni?"

"Nani hajui? Baba yako, Mzee Kamugisha, ameitangazia jumuiya nzima. Kesho si mna shukrani kanisani?" Alipokea begi lake akalifunga kwa mpira nyuma ya kiti. "Leo naendesha kwa adabu. Usije ukaninyang'anya leseni."

Kemilembe alipanda, akashika chuma cha nyuma. Kilima kizima hadi Ihembe hakusema neno, na Habumugisha akadhani ni ukubwa wa cheo.

Ndege za kampuni anayofanyia kazi ni ndogo, zile zinazounganisha miji ya Kanda ya Ziwa. Mbele zina viti viwili. Cha kulia ni cha rubani msaidizi, cha kushoto ni cha kapteni. Ukinyoosha mkono kutoka kimoja unagusa kingine, lakini Kemilembe alikuwa amekaa cha kulia kwa miaka sita.

Na hicho cha kulia nacho hakukipata kwa urahisi. Alipomaliza chuo cha urubani alikuwa na leseni mkononi na saa chache mno za kuruka. Kila kampuni aliyoiandikia ilimuuliza saa zake. Saa hazipatikani bila kazi, na kazi haipatikani bila saa. Alirudi Ihembe akachuma kahawa misimu miwili. Watu wakawa wanamuuliza, kila mmoja kwa namna yake, ndege aliiacha wapi. Ndipo Kamugisha alipoanza tabia ya kumtangulia njiani. Wakienda kanisani au sokoni Kayanga, mzee alitembea hatua kadhaa mbele, ili maswali yamkute yeye kwanza. Kemilembe akifika, muulizaji alikuwa ameshajibiwa na mada ilikuwa imeshahamia kwenye mvua.

Kisha kampuni ya Mwanza ikamchukua, si kurusha ndege bali kupima mizigo ya abiria. Aliipima. Alikuwa ameelewa jinsi kazi hii inavyokwenda: kampuni kubwa za ndege hazilei marubani, huwachuma wakiwa wameiva. Kila kapteni aliyeitwa kwenye ndege kubwa Dar es Salaam aliacha pengo Mwanza, na mstari mzima ukasogea. Siku moja ukasogea hadi kwenye mizani ya mizigo, naye akapewa kiti cha kulia. Mwaka huu, makapteni wawili walipoondoka kwa mpigo, ulifika kwake tena.

Mtihani wenyewe ulifanyika bila abiria. Mkaguzi alikuwa Kapteni Hategekimana, mzaliwa wa Kyerwa, mzee mwenye mvi, mpole, aliyezoea kumuuliza habari za kahawa ya nyumbani. Siku hiyo alikaa kiti cha kulia na kujifanya msaidizi. Asubuhi Kemilembe alimwamkia kama kawaida: "Shikamoo, mzee." Akaitikia.

Walipokuwa wanakaribia kutua, mzee ndiye aliyeshika usukani. Alishuka vibaya makusudi. Ndege ilikuwa juu mno, kisha ikaporomoka kwa mwendo ambao hakuna rubani angeuruhusu. Kazi ya kapteni hapo ni fupi: aamuru ndege ipandishwe, na asiposikilizwa, achukue usukani mwenyewe. Kemilembe aliona. Akasema, "Mzee, nadhani tuko juu kidogo." Mzee hakujibu. "Samahani, mzee, naona kama mwendo…" Barabara ya ndege ikawa inapanuka mbele ya kioo. Mzee akaipandisha ndege mwenyewe.

Walipotua mzee alizima injini, akamgeukia.

"Uliona?"

"Niliona."

"Tangu lini?"

"Tangu mapema."

"Sasa ulikuwa unasubiri nini, binti yangu?"

Alijua jibu, lakini lilikuwa la aibu: alikuwa anatafuta namna nzuri ya kumwambia.

Alipewa nafasi moja ya kurudia, baada ya wiki mbili. Akishindwa tena, angebaki kiti cha kulia mpaka wote walio nyuma yake wapite kwanza. Kwa jinsi mambo yalivyokwenda, hiyo ilikuwa miaka mingine.

Baba yake alimpokea uani. Kemilembe alipiga magoti kumwamkia, kama alivyofundishwa tangu hajaanza shule, na mzee akamshika mabega akamwinua kabla hajamaliza salamu.

"Tazama! Kapteni anapiga magoti!" alipaza sauti shangazi yake Restuta kutoka jikoni, akiwa na kisu mkononi na ndizi za kumenya mapajani. "Inuka, utachafua suruali ya serikali."

"Si ya serikali, shangazi."

"Ya nani?"

"Yangu."

"Basi inuka haraka zaidi."

Mama yake alifariki Kemilembe akiwa bado chuoni. Tangu hapo Restuta, dada wa Kamugisha, ndiye aliyeishikilia nyumba hiyo, na kazi hiyo aliifanya kwa mdomo zaidi kuliko kwa mikono.

Jioni ile Kamugisha alimchukua binti yake shambani wakachague mkungu wa shukrani. Desturi ya usharika wao ni kwamba anayemshukuru Mungu huleta mazao, na baada ya ibada hunadiwa nje ya kanisa. Mzee alipita kati ya migomba akigonga mkungu huu na ule kwa kiganja. Nyonga ilikuwa inamsumbua. Aliegemea nguzo za kuegeshea migomba kama mtu anayesalimiana nazo.

"Huu mdogo," alisema. "Huu ungefaa msaidizi." Akacheka mwenyewe.

"Tata," Kemilembe alianza, kama alivyomwita baba yake tangu utotoni.

"Subiri. Uone ule wa bondeni."

Aliusubiri ule wa bondeni. Kisha akashika mgomba baba yake akiukata, wakaupokea mkungu pamoja usianguke chini, na uso wa mzee ulikuwa umejaa furaha kiasi kwamba Kemilembe akatafuta tena namna nzuri ya kusema. Hakuipata. Walirudi nyumbani na mkungu.

Jumapili kanisa lilijaa. Matangazo yalipokwisha, mwinjilisti aliita familia ya mzee Kamugisha. Walitoka mbele wakiimba, Restuta katika kitenge kipya, mkungu ukitangulizwa na vijana wawili. Kamugisha akapewa kipaza sauti. Ni mzee wa kanisa, anajua kukishika.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Mnakumbuka binti yangu alivyokaa hapa anachuma kahawa, mkaniuliza ndege yake iko wapi. Sikuwalaumu. Leo nimekuja kumshukuru Mungu mbele yenu, maana binti huyu sasa ni…"

"Baba, hapana."

Neno hilo halikusemwa kwa sauti kubwa, lakini lilisikika hadi madirishani. Kamugisha aligeuka akidhani amekosea jambo dogo, labda jina la kampuni. Kemilembe alinyoosha mkono akachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwake. Hakukiomba.

"Mimi si kapteni," alisema. "Nilifanya mtihani, nikashindwa. Nitaurudia wiki ijayo. Baba hakujua. Sikumwambia."

Mtoto mmoja akalia, akatulizwa. Kamugisha alisimama na mikono mitupu, akatazama mkungu uliokuwa umelazwa mbele ya madhabahu.

"Sasa," alisema bila kipaza sauti, kana kwamba anajiuliza, "na ndizi je?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha wakacheka wengi. Haikuwa kejeli, ni kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Mwinjilisti akasema Mungu hushukuriwa hata kwa binti kufika salama nyumbani, ndizi zibaki hapo hapo. Wakaimba wakarudi kukaa. Nje, mnadani, Restuta mwenyewe aliuwania mkungu ule kwa ukali hadi washindani wakajiondoa, kwa sababu hakutaka uende nyumba nyingine ukaliwe pamoja na maneno ya watu.

Njiani Kamugisha hakutangulia wala hakubaki nyuma. Alitembea kando ya binti yake bila kumtazama.

"Umenikata maneno mbele ya watu."

"Ndiyo, Tata."

"Mimi, mzee wa kanisa."

"Ndiyo."

Walitembea. Kisha akauliza, "Kwa nini hukuniambia jana shambani?"

"Niliogopa kukukata maneno."

Mzee alisimama. Kemilembe akadhani ni nyonga. Akamweleza yote hapo hapo barabarani: ndege iliyoporomoka, mzee wa Kyerwa, samahani zake. Kamugisha alisikiliza kama anavyosikiliza mashauri ya ndoa kanisani, bila kuingilia.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua kurusha," alisema mwishoni.

"Nilikuwa najua."

"Ila ulikuwa unamheshimu."

"Ndiyo."

"Hiyo nimekufundisha mimi," alisema Kamugisha, akaanza tena kutembea.

Baada ya chakula alitoa vigoda viwili barazani akaviweka sambamba, vikielekea migombani. Akakaa cha kulia.

"Njoo ukae hapo. Niambie nikosee nini."

"Tata, jamani."

"Kaa."

Kemilembe alikaa kushoto. Alimweleza jinsi ya kushika usukani, na mzee akashika mwiko wa Restuta. Alimweleza jinsi ndege inavyotakiwa kushuka taratibu, na mzee akainamisha mwiko kuelekea migombani kwa nguvu zote.

"Tata, samahani, tuko juu…"

"Usiniombe samahani! Nakuua hapa!"

"Tata, naomba upandishe…"

"Unaniomba? Abiria wako wamekwisha kufa. Tena."

Restuta alitoka jikoni, mikono kiunoni. "Kamugisha! Asubuhi umenipeleka kanisani kuwania ndizi, mchana umeninyang'anya mwiko uwe ndege?"

"Ondoka njiani, tunaanguka."

Walirudia. Mara ya kwanza Kemilembe alicheka katikati. Mara nyingine alisema neno sahihi, lakini sauti ikashuka mwishoni, ikageuka swali. Baba yake hakumsaidia. Aliendelea kuinamisha mwiko, uso mkavu, akitazama migomba mbele kama dereva mkaidi, na Kemilembe aliona kwamba mzee huyu, ambaye hajawahi kupanda ndege, alikuwa haigizi tena. Alikuwa anaogopa kweli.

"Pandisha ndege," alisema.

Kamugisha hakupandisha.

"Usukani wangu." Akauchukua mwiko.

Mzee aliachia kidole kimoja kimoja. Alipangusa jasho la paji la uso kwa mkono wa shati.

"Hivyo," alisema. "Mimi sijaumia. Umeona? Turudie."

Wiki iliyofuata, Mwanza, anga lilikuwa safi na ziwa limetulia. Asubuhi Kemilembe alimwamkia Kapteni Hategekimana kama siku zote, na mzee akamuuliza kuhusu mvua za Ihembe. Ndani ya ndege hawakuongea habari za nyumbani. Wakati wa kutua mzee alianza kushuka vizuri kabisa, kiasi kwamba Kemilembe alifikiri labda leo hatamjaribu. Kisha mwendo ukazidi, kidogo tu, chini ya ule wa mara ya kwanza. Ilikuwa rahisi kuuachilia.

Aliamuru ndege ipandishwe. Alisema kwa Kiingereza cha kazini, kifupi, bila kusema "mzee" wala "samahani". Hategekimana akaendelea kushuka. Kemilembe akatamka maneno ya kuchukua usukani na mikono yake tayari ilikuwa imeushika. Mzee akaachia mara moja, akaweka mikono juu ya mapaja, na ndege ikapanda juu ya mawe ya Mwanza hadi ziwa likaonekana lote.

Alizunguka, akatua mwenyewe. Hategekimana alimaliza kuandika karatasi zake ndipo akampa mkono.

Kemilembe alipiga simu nyumbani akiwa bado amesimama kwenye lami, chini ya bawa.

"Tata, nimepita."

Ilisikika mikwaruzo tu. Akadhani mtandao umekatika.

"Tata?"

"Nipo. Huyo mzee hakukasirika?"

"Hakukasirika. Alinipa mkono."

"Basi ni mtu mzuri." Akakohoa. "Sitawaambia watu sasa hivi. Acha kwanza uwapeleke abiria wa kweli na kuwarudisha. Tukae kimya kidogo, mimi na wewe."

"Sawa, Tata."

Lakini nyuma ya sauti ya baba yake aliwasikia kuku wakikimbia, mlango ukibamizwa, na Restuta, ambaye hakuwa ameulizwa, akitoka uani na vigelegele kuelekea barabarani.