Ukingo wa Mkeka

Nilimwahidi mama yangu kwamba siku nitakapoandika habari zake sitamfanya jasiri kuliko alivyokuwa. "Andika na magoti yangu yalivyotetemeka," aliniambia, "usije ukawadanganya watu."

Harufu ndiyo iliyonikumbusha ahadi hiyo. Juzi, hapa chuoni ninakosomea ualimu, jirani alichemsha ukindu katika chungu cha rangi. Niliposikia harufu ile ya majani na moshi, nikawa tena kisiwani Chole, enzi za Wadachi, mtoto wa kike mwenye vidole vyekundu, ninamchambulia mama ukindu wa kusukia mikeka.

Mama aliletwa Chole kutoka bara akiwa mtoto, tena mtumwa, na jina la baba yake hakulikumbuka. Baadaye alipata uhuru, akaolewa na baba yangu, seremala Mkristo, akabatizwa. Baba alifariki kabla sijaota meno. Kibanda chetu kilikuwa ndani ya shamba la minazi la Bi Zuhura, aliyemmiliki mama zamani, na nyumbani kwa Bi Zuhura desturi ilikuwa moja: waungwana huketi mkekani, waliokuwa wajakazi huketi mchangani. Mikeka yote ya nyumba ile aliisuka mama. Hakuukalia hata mmoja.

Mwaka mmoja mama hakutulia. Kila jioni alisali, na akisema "Baba yetu" alinyamaza. Kisha akairudia, "Baba yetu", kama baharia avutaye kamba kujua iwapo nanga imeshika. Mimi nilidhani amesahau maneno yafuatayo, nikawa namnong'oneza. Naye akawa ananikanyaga mguu.

Ikafika harusi ya binti wa Bi Zuhura. Tulipeleka mkeka mpya, mama akawaamkia wakubwa shikamoo, akautandika uani, akaulainisha kwa kiganja. Wanawake wakaketi. Mimi nikaenda zangu mchangani kama kawaida, lakini mama hakunifuata. Alikwenda kwenye mtungi, akanawa miguu taratibu, akarudi, akaketi. Aliketi ukingoni kabisa, nusu ya mwili ikiwa nje.

Wanawake wakageuka kumtazama.

"Mashallah!" akasema mgeni mmoja. "Leo msukaji amejisuka na yeye mumo humo!"

Wakacheka. Bi Zuhura hakucheka. "Mama Eliza," alisema kwa upole, "umechoka? Mchanga si huo tele?"

"Sikuchoka, bibi. Nimeketi tu."

"Na kesho utaketi wapi?"

Hapo kila mtu alielewa kwamba kinachosemwa ni kibanda chetu. Nilianza kuwaza ni nani atakayebeba chungu cha rangi.

"Sijui, bibi," mama akajibu. "Ila Mungu hana wajakazi, ana watoto. Na mimi ni mtoto wake. Nimechelewa kujua, uniwie radhi."

Chini ya kanga niliyaona magoti yake yakitetemeka.

Aliyejibu ni Bi Mwanaisha, mama mkwe wa Bi Zuhura, mcha Mungu asiyemwogopa mtu. "Zuhura, mumeo msikitini husimama bega kwa bega na mvuna nazi wake. Sisi huku tunagombania ukindu?" Akajivuta kwa makalio, akiguna. "Sogeeni bwana! Na kile kitoto kije, jua litakikausha kama samaki wa ng'onda."

Hatukufukuzwa. Lakini Bi Zuhura hakuagiza tena mkeka kwetu, na mama ikambidi avuke hadi kisiwa cha Juani kutafuta wanunuzi. Alirudi amelowa, amechoka, na hakujuta.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba siku ile tuliokolewa na Bi Mwanaisha. Mwaka huu, nikiwafundisha watoto sala, nilitamka "Baba yetu" nikashindwa kuendelea. Mama hakuwahi kusahau maneno. Mtu asiyejua jina la baba yake alikuwa akiuliza kila jioni kama neno lile linamhusu na yeye. Alipoketi mkekani alikuwa amekwisha kujibiwa, ingawa magoti yake yalikuwa hayajapata habari.

Nawaombeni jambo moja. Mkiwa mmeketi, na mwanamke amesimama ukingoni, msianze kumwuliza ni binti wa nani. Sogeeni.