Chupa Zilizolazwa

Kazini walimwita Mama Funguo, kwa sababu funguo za chumba cha mvinyo zilining'inia kiunoni mwake tangu anapofunga aproni hadi anapoivua. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya jiko la mkahawa. Hakikuwa na dirisha, na baridi yake haikupungua hata umeme ukikatika mji mzima, maana jenereta lilianza na chumba hicho, taa za wapishi zikafuata. Chupa zililazwa ubavu kwenye rafu, kila moja na shuka lake la vumbi ambalo alikatazwa kulifuta. Vumbi, alisema tajiri wake, nalo lina bei.

Wapishi walikiita chumba kile wodi.

"Wagonjwa wameamkaje, Mama Funguo?" mpishi mkuu humtania.

"Hawajambo. Bili zao tu ndizo zimepanda."

Na kwa kweli chupa zile hazikuwa na kazi nyingine ila kulala na kupanda bei. Ile ya ghali kupita zote, waliyoiita Mzee, ilikuwa rafu ya chini tangu kabla Mama Funguo hajaajiriwa. Kila mwaka tajiri aliibandika bei mpya, kisha akasimama kuitazama kama mzazi aliyeletewa matokeo mazuri ya mtihani.

"Kizuri chajiuza," alisema.

"Hiki mbona hakijajiuza, bosi?"

"Kinasubiri wenye akili."

Msimu ule wa joto transfoma ya mtaani kwao Mama Funguo iliungua, friji ikawa kabati. Mdogo wake wa kiume, fundi cherehani aliyeishi naye, alikuwa na kisukari, na dawa yake ya sindano haipatani na joto. Zahanati ilikuwa imempa kichupa cha mwisho. Mzigo mwingine ulikuwa bado njiani. Dada mtu akaenda kwa tajiri.

"Naomba nafasi ndogo rafuni, bosi. Kichupa chenyewe hakizidi kidole gumba. Mdogo wangu atapita mlango wa jikoni, ajichome sindano, aende zake."

"Kile chumba si friji ya mtaa, Mama. Mvinyo unanusa."

"Unanusa vipi, na chupa ina kizibo na nta juu yake?"

"Mvinyo mkubwa una pua."

Alisema hivyo bila kucheka. Mama Funguo alikitia kichupa ndani ya kopo safi, akalificha nyuma ya Mzee, kwani kama kulikuwa na mahali pasipofikiwa na mkono wa mtu, ni pale. Alivunja amri, ni kweli. Lakini amri inayoipa chupa pua na kumnyima mtu dawa haina haki ya kutiiwa.

Mchana mmoja akaja mteja na wageni wake, akamwagiza Mzee kabla hata hajaangalia orodha ya vyakula. Tajiri alikaribia kumkumbatia.

"Kwa nini huu umepanda bei hivi?" mteja aliuliza, apate kusikiwa na meza nzima.

"Unatakiwa sana, mheshimiwa."

"Unatakiwa kwa nini?"

"Si kwa sababu ya hiyo bei yake."

Wakaridhika wote. Tajiri akaingia wodini mwenyewe, na ufunguo wake wa akiba, akatoka amempakata Mzee kama kichanga. Kizibo kilimomonyoka. Mama Funguo, aliyesimama na sinia, alipigwa na harufu ya siki. Mteja akanywa. Uso ukamkunjamana, macho yakaiendea bei, uso ukakunjuka.

"Naam," akasema. "Huu ndio mvinyo."

Wageni wakatikisa vichwa kukubali, mmoja baada ya mwingine, kama mijusi ukutani.

Bilauri zilirudi jikoni karibu zimejaa. Hapo ndipo Mama Funguo alipoliona kopo lake juu ya oveni.

"Nani kaliweka hapa?"

"Tajiri," mpishi akajibu, bila utani safari hii. "Kasema lilikuwa linamtia Mzee harufu."

Alilifungua. Kichupa kilimchoma vidole. Akazimwaga bilauri zote kwenye sinki, moja moja, na sinki lile, lililozoea kunuka mafuta na maganda, likanuka vibaya zaidi mpaka jioni.

Mzigo wa zahanati ulichelewa. Kabla wiki haijaisha fundi cherehani alibebwa hajitambui, na dada yake akakesha kwenye benchi la hospitali. Asubuhi, daktari aliposema ataishi, alinawa uso akaenda kazini. Mlangoni pa wodi alikuta masanduku mapya, na tajiri akiyapapasa.

"Zilaze taratibu, Mama. Hizi mwakani zitakuwa mara mbili."

Mama Funguo alifungua mkanda, akachomoa funguo, akaziweka juu ya sanduku.

"Mimi nimetoka kumlaza mdogo wangu," akasema. "Hizi zilaze mwenyewe."