Mama Vitunda na Gauni Jeupe

Ukitaka kumuudhi Mama Vitunda, mwambie kwamba ua la harusi ni waridi. Atakutazama kuanzia viatu mpaka nywele, ataweka mkasi chini, halafu atakuuliza kwa upole wa kutisha: "Na hilo waridi lako linakaa siku ngapi?" Usijisumbue kujibu, jibu analo mwenyewe. Siku ya tatu waridi limeshainamisha shingo kama mtu aliyefukuzwa kazi, na kitunda cha kichakani wiki ya pili bado kinakukodolea macho. Hapo somo limeanza, na kama ulikuwa na safari zako, basi tena.

Jina hilo hakuzaliwa nalo. Alipewa na wauza maua wenzake kwa kumcheka, miaka ile alipoanza kuchomeka matawi yenye vitunda katikati ya mashada ya harusi. "Chakula cha ndege hicho," walimwambia. Mwingine angenuna. Yeye alilichukua jina lao akaliandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa chumba chake cha kazi, herufi kubwa za kuonekana toka ng'ambo ya barabara. Siku hizi wale wale waliocheka ndio wanaomtumia ujumbe kumuuliza kama vile vya rangi ya chungwa vimeiva.

Chumba chenyewe ni gereji ambayo tangu ijengwe haijawahi kuona gari. Ndoo kumi na nne zimejipanga ukutani, katikati kuna meza ndefu ya mbao iliyochanjwachanjwa na visu, na kwenye msumari zinaning'inia tepe za kila rangi. Nje, kando ya uzio, ndipo ulipo utajiri wake. Kuna vichaka vya vitunda vigumu vinavyoanza kijani vikaishia rangi ya waridi iliyokolea, vingine vya rangi ya chungwa vilivyobanana kama shanga, na vingine vyeupe vidogo vya kujazia nafasi. Amevifunika kwa vyandarua vya zamani, maana ndege nao wana macho. Na pale kwenye kona kuna kichaka kimoja cha vitunda vya zambarau, vizito, vinavyong'aa, vizuri kupita vyote. Hicho huwa hakikati kwa ajili ya bibi harusi yeyote, hata amwombe kwa machozi.

Kazi yake ina taratibu zake na haziguswi. Tawi hukatwa asubuhi kabla jua halijawa kali. Majani yote hutolewa, kwa sababu jani hunyauka mapema na kukitia kitunda aibu isiyo yake. Shina hukatwa mshazari, likakaa majini mpaka kesho yake, linywe lishibe. Kisha unakuja mtihani. Mama Vitunda anatandika shuka jeupe mezani, anashika tawi kichwa chini, anatikisa mara tatu. Kitunda kimoja kikianguka, tawi zima limefeli. Kisipoanguka, anakibana kwa kidole gumba juu ya shuka, na kikiacha hata alama ya jasho, tawi limefeli. Rufaa hakuna.

Wateja walidhani ni madoido ya fundi anayejisikia. Walimcheka, wakalipa, wakaenda zao na mashada yasiyodondosha kitu. Hakuna aliyejua mtihani ule ulitoka wapi. Hata dada yake hakujua, na yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kujua kuliko watu wote.

Sasa basi, wiki tatu kabla ya harusi, akaingia gereji binti wa dada yake, bibi harusi mwenyewe, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Mamdogo, nataka shada langu lijae vitunda. Mawaridi machache tu ya kusindikiza."

Mama Vitunda alijisikia kichwa kikivimba, akakiachia kivimbe. Akamvutia tawi moja la vile vya waridi iliyokolea, akamwekea mkononi. "Mwanangu, una macho wewe. Umeyarithi kwangu. Mama yako anasemaje?"

Binti akaanza kuchezea utepe. "Mama anasema ukiweka hata kimoja, kazi anampa yule muuza maua wa barabara kuu."

Yule wa barabara kuu anachanganya maua na plastiki na hana haya. Lakini si hilo lililomchoma. Alimrudisha binti nyumbani kwa maneno matamu, akafunga mlango, akakaa peke yake na ndoo zake. Hata tawi hakutikisa siku hiyo.

Miaka ishirini na tatu nyuma, dada yake alipoolewa, shada lilitengenezwa na yeye, mdogo mtu. Lilikuwa shada lake la kwanza la harusi na alilijaza vile vya zambarau. Watu waliguna kwa uzuri wake. Kisha mama mkwe, mama mwenye mikono mirefu na mapenzi mengi, akamkumbatia bibi harusi kwa nguvu zake zote, shada likiwa katikati. Walipoachiana, ubavuni mwa gauni jeupe, upande wa kushoto, kulikuwa na doa la zambarau la ukubwa wa kiganja.

Dada hakulia. Aliweka mkono wa kushoto juu ya lile doa na hakuutoa mpaka jioni. Picha zote za harusi ile anaonekana ameshika ubavu kama mtu mwenye kichomi. Kichekesho ni kwamba jamaa walidhani ni mtindo. Kwa miaka miwili mitatu baadaye, kila mwanamke wa ukoo akipigwa picha alishika ubavu, na Dada akiwaona anageuza uso.

Na Mama Vitunda? Yeye alikuwa na maelezo yake tayari. "Shada halikuwa na kosa," alisema kila mara jambo lile lilipotajwa. "Mtu anakumbatia kama anapigana mieleka, vitunda vifanyeje?" Alilisema kwa uhakika ule ule anaosemea kila kitu, mpaka watu wakamwamini. Tangu hapo yeye na dada yake walisalimiana, walisaidiana kwenye misiba na kwenye wagonjwa, walikula meza moja. Lakini kukumbatiana hawakukumbatiana tena. Walipeana mikono kama watu wa ofisi.

Kesho yake alipiga moyo konde akaenda. Alimkuta Dada jikoni anafuta vikombe vya kuazima, amevipanga mpaka dirishani.

"Kama umekuja kwa ajili ya vitunda, maji ya kunywa yapo hapo, kunywa uende," Dada akasema bila kugeuka.

"Nimekuja kwa ajili ya vitunda."

"Gauni la mwanangu ni jeupe."

"Najua. Dada, nisikilize. Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Siku yako. Asubuhi, kabla hujavaa. Nililigeuza lile shada nikalitikisa, vikaanguka vitatu. Nikavibana kwa kidole, kidole kikawa zambarau. Nikavisugua sakafuni kwa unyayo mtu asivione, nikakuletea shada hivyo hivyo."

Dada akaweka kikombe chini. Akachukua kingine, akakiweka chini nacho, hakijafutwa.

"Kwa nini?"

"Lilikuwa zuri. Na wote walikuwa wameshasema mtoto huyu kazi haiwezi. Nikaona nikilifumua nitakuwa nimewapa walichokuwa wanakitaka." Mama Vitunda akakitazama kidole chake gumba kana kwamba bado kina rangi. "Nisamehe, Dada. Kosa lilikuwa langu. Mama mkwe wako hakuwa na kosa."

"Miaka ishirini na tatu unamsema yule mama wa watu."

"Ndiyo."

"Na mimi niliamini. Mpaka leo akija kunisalimia nakaa upandeupande." Dada alikaa kwenye kiti, akapangusa uso kwa kitambaa kile kile cha vikombe. Alikuwa na hasira na hakuificha. Alimwambia mdogo wake kwamba ana kiburi cha kuuza kwa jumla na rejareja, kwamba marehemu mama yao aliwahi kulisema hilo, na mengine mengi, na Mama Vitunda aliyapokea yote akiwa amesimama. Mwisho Dada akasema kwa sauti ya chini, "Doa nililizoea. Kilichoniuma ni kwamba kwenye picha humo. Mpiga picha alingoja, nikakuita, hukuja. Ulikuwa wapi?"

"Stoo ya ukumbi. Nyuma ya viti."

"Mpumbavu wewe," Dada akasema, na alilisema kama zamani, walipokuwa wanalala kitanda kimoja.

Lakini usifikirie mambo yaliisha kwa machozi mawili. Dada si mtu wa kununuliwa kwa samahani. Siku ya tatu alitokea gereji amebeba sanduku, akalifungua juu ya meza, akatoa gauni lake la harusi. Lilikuwa limeanza kuwa la manjano mikunjoni, na lile doa limegeuka kahawia.

"Shuka lako sina imani nalo," akasema. "Fanyia mtihani hapa. Na mimi ndiye msahihishaji."

Akashika matawi mwenyewe. Alitikisa kama anakung'uta mkeka. Akabana kwa kidole gumba, halafu kwa vidole viwili, halafu kwa kisigino cha kiganja. Alifelisha matawi kumi na moja, mengine kwa uonevu mtupu, na ilionekana wazi kwamba anafurahia. Mama Vitunda aliyaweka kando moja baada ya jingine, ingawa manne kati ya yale kumi na moja yangeweza kwenda harusini yakarudi salama. Yaliyopona akayafunga shada moja palepale, mawaridi matano katikati na vile vya waridi iliyokolea vikiyazunguka, vyeupe vikichungulia kwa nyuma. Hata Dada aliguna kidogo.

"Bado," Mama Vitunda akasema. Kiburi kilikuwa kimemrudia, na tuseme kweli, kilimpendeza. Akalichukua lile gauni akalishikilia kifuani kwake, akaliweka shada mbele ya gauni, juu kidogo ya doa la zamani. "Njoo ukumbatie."

"Nikumbatie nini?"

"Mimi. Kama alivyokukumbatia mama mkwe wako."

Dada akafuta viganja kwenye nguo yake. Kisha akaja, akapitisha mikono, akabana kwa uoga.

"Huko ni kukumbatia mgeni. Bana."

Dada akabana. Alibana mpaka mashina yakalia, mpaka kidevu chake kikakaa begani kwa mdogo wake, na alipofika hapo hakuachia. Mama Vitunda alihisi mgongo wa dada yake ukitetemeka, na wake ukaitikia. Shada lilikaa katikati likiminywa na miaka ishirini na tatu, na wala hakuna aliyelifikiria.

Walipoachiana, Dada alilibeba gauni mpaka mlangoni kwenye mwanga. Akaligeuza, akalinusa, akapitisha kidole. Doa lilikuwa moja tu, lile la siku zote.

"Weka vitunda," akasema.

Siku ya harusi Mama Vitunda aliingia ukumbini kama mwenye ukumbi. Matawi ya chungwa yalikuwa kwenye kila meza, na kila meza ilikuwa na kadi ndogo iliyoandikwa *Si chakula*, kwa sababu harusi moja mjomba wa bwana harusi aliwahi kuonja akaharibu hotuba. Meza ya keki hakuiwekea hata kitunda kimoja. Binti alipoingia na shada lake, minong'ono ilipita toka mlangoni mpaka mbele, na Mama Vitunda aliisikiliza yote bila kuona haya.

Halafu bibi yake binti akainuka, yule yule mama mkwe wa Dada, mzee sasa lakini mikono yake bado mirefu. Akafungua mikono. Katika ukumbi mzima ni wanawake wawili tu walioacha kupumua. Bibi akamvuta mjukuu wake akamkumbatia kwa nguvu zake zote, shada likiwa katikati, akamyumbisha kushoto na kulia, akaona haitoshi, akarudia. Gauni lilitoka pale jeupe kama lilivyoingia.

Mpiga picha akaanza kupanga watu. "Mama mzazi, shusha huo mkono, unaziba gauni."

Dada alikuwa ameweka mkono wa kushoto ubavuni, juu ya gauni lisilo na hata nukta. "Huu mkono utabaki hapa hapa," akasema. Akaangaza huku na huku. "Mdogo wangu yuko wapi?"

Mdogo wake alikuwa mlangoni mwa stoo, anajifanya anapanga ndoo. Dada akamfuata kule mwenyewe, akamshika mkono, akamleta mbele za watu.

Picha ile sasa imetundikwa gereji, juu ya meza ya kazi. Binti yuko katikati na vitunda vyake, mama yake upande mmoja na mamdogo upande wa pili, na wote wawili wameshika ubavu wa kushoto. Wateja hawakosi kuuliza huo ni mtindo gani. Mama Vitunda hutandika shuka jeupe mezani, akalinyoosha kwa viganja vyote viwili.

"Nilimharibia dada yangu gauni la harusi," husema, kwa sauti ile ile anayoyasemea mawaridi. "Haya, shika tawi. Tikisa."