Nafasi ya Nyuma ya Piano

Juzi nilikwenda na binti yangu kumtafutia piano, hapa hapa Goma, kwa muuzaji mmoja wa vyombo vilivyotumika. Kijana wa duka alifunua kifuniko cha piano moja, akapangusa vumbi, akaniambia, "Mama, jaribu sauti." Mimi hata sikugusa. Nilizunguka nyuma, nikapiga magoti, nikaanza kugonga mbao kwa vidole, na kijana akaniangalia kama mutu anayetafuta panya. Usicheke, mwenzangu. Ungelelewa kwetu, hata wewe ungeanzia nyuma.

Kwetu ilikuwa nyumba ya mbao juu ya msingi wa mawe meusi ya volkano, kando ya barabara ya kwenda Sake. Mbao zenyewe nyembamba: jirani akikaanga samaki wadogo wa sambaza, sisi tunameza mate. Asubuhi tuliamshwa na chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zikienda sokoni na viazi na makaa, magurudumu yakilia kwenye mawe, na kabla ya shule tulichota maji ziwani kwa bidoni. Na katika nyumba hiyo ya watu wa bugali na maharagi, piano! Babu aliachiwa na Mzungu wa shamba la kahawa upande wa Rutshuru. Papa, aliyefundisha kwaya ya parokia, aliipenda kuliko chakula. Jioni akipiga, nyanya alichambua majani ya sombe mlangoni huku akitikisa kichwa polepole. Jamani, nyumba ile ilikuwa tamu wakati huo.

Halafu vita vikaja, vikaenda, vikarudi. Watu walipita mbele yetu wakielekea kambi ya Mugunga, magodoro kichwani, mbuzi mkononi. Kila nyumba ilikuwa na desturi yake masasi yakianza kulia. Wengine waliingia chini ya vitanda, wengine waliegemeza magodoro dirishani. Kwetu, watoto waliingizwa nyuma ya piano. Papa alikuwa ameigeuza ikatazama barabara, na kati ya mgongo wa piano na ukuta wa jiko, ukuta pekee wa mawe tuliokuwa nao, aliacha nafasi ya mimi na mdogo wangu wa kiume. Kulinuka vumbi na mikojo ya panya. Niliogopa mpaka meno yakagongana, na mdogo wangu alinishika nguo hataki kuiachia.

Siku moja risasi ilipita. Ilitoboa ukuta wa mbao, ikatoboa piano, ikajichimbia kwenye jiwe karibu na sikio la mdogo wangu. Mungu alitusaidia, hakuna aliyeumia. Papa alipoifungua piano alikuta mchwa umekula sana, na nyuzi zimeshikwa na fremu ya mbao tupu. Nyanya alichungulia lile tundu kwa muda mrefu.

"Hii si piano," akasema. "Ni katoni."

Mji ulipotulia kidogo, sote tukaenda kuchagua nyingine. Kulikuwa na depo ambako watu waliohamia mbali waliacha vyombo vyao viuzwe, na ndani piano mbili zilisimama kati ya makabati. Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya asali. Papa alikaa, akapiga wimbo mmoja wa misa, na hata wabebaji mizigo wakasimama kusikiliza. Ya pili ilikuwa nyeusi, nene, na sauti yake ilikuwa ya muzee mwenye kikohozi.

"Tunachukua hii," papa akasema, bado amekaa kwenye ile ya asali.

Nyanya alimwomba mwenye depo aondoe ubao wa chini wa zote mbili, akainama, akagonga ndani kwa ufunguo wa nyumba.

"Hii nyeusi iko na chuma toka juu mpaka chini. Ile yako chuma ni kidogo tu."

"Mama, piano banachagula na masikio."

"Minajua. Lakini batoto bako banafichama nyuma ya nini?"

"Vita vitaisha, mama! Na hicho kitu kitabakia ndani ya nyumba maisha yote."

Hapo hapo mzinga ukalia upande wa Mugunga. Mabati ya depo yalitetemeka. Nyanya alitusukuma nyuma ya ile ya asali, iliyokuwa karibu. Ubao wake wa nyuma ulikuwa na ufa, na mwanga ukapenya mpaka kwenye goti langu.

"Papa," nikamwita, "minaona kiatu chako."

Aliangalia mguu wake juu ya pedali. Kisha akafunika ile piano taratibu, akaacha mkono wake juu ya kifuniko.

"Tuchukue nyeusi," akasema, na hakutuangalia.

Ilisafiri juu ya chukudu mbili zilizofungwa pamoja, wanaume wakiisukuma kwa jasho. Wakimbizi njiani walitucheka: "Ona hao, banakimbia na kabati!"

Haikuchukua muda, vita vikarudi. Tulikuwa nyuma yake mchana mmoja iliposhtuka na kulia yenyewe, nyuzi zote kwa pamoja, na mlio ule ukaingia migongoni mwetu mpaka kwenye mifupa. Chuma kilishika risasi. Papa alitutoa, akatupapasa vichwa, masikio, matumbo, halafu akakaa chini sakafuni akalia kama mtoto. Tangu siku ile noti moja ilikufa kabisa. Alipofika kwenye noti hiyo, aliiimba mwenyewe kwa mdomo, kisha vidole vikaendelea.

Nyanya hayupo tena, papa naye hayupo. Moto wa mlima wa volkano ulishuka ukafunika nyumba, na piano imebaki chini ya mawe meusi ambayo watu wamejengea tena. Kuna nyimbo ambazo mpaka leo nikizisikia kanisani, nasubiri mahali fulani sauti ya papa iingie, na haiingii. Vyote vimeondoka isipokuwa woga. Huo ninao, mzima, nimeuleta mpaka kwa muuzaji huyu.

"Mama, unatafuta nini huko nyuma?" binti yangu akaniuliza.

Upande wa Sake kitu kilinguruma. Labda mvua. Kijana wa duka naye alitega sikio.

"Njoo ukae hapa kidogo, nione," nikamwambia.

Akaingia nyuma ya piano akicheka, akakunja magoti. Nafasi ilimtosha.